McKenzie, mchungaji wa kondoo aliyegawa mashamba makubwa



Kwenye mkutano wetu uliopita tuliongea juu ya konsesyon kubwa-kubwa, zile zenye hekta mamia na ng'ombe wachache, huku wakulima wamebanwa pembeni kwenye miteremko. Mimi nilisimama nikasema kwa sauti: Serikali izichukue, izikate vipande, iwagawie wenye jembe. Wengi wakapiga makofi. Kisha mkubwa wetu mmoja, wa promosyon ya zamani sana, akaniuliza swali fupi: "Mdogo wangu, ni nchi gani ilishafanya vile, na ilienda namna gani?" Nikatoa jibu la kukwepa, nikakaa. Njo maana ya maandishi haya. Nimeenda kusoma, nimerudi na habari ya mtu mmoja tu, kwa sababu ndani ya maisha yake swali la mkubwa linajibiwa lote, upande mzuri na upande mbaya.

Jina lake John McKenzie. Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1839 huko Ross-shire, kaskazini mwa Uskoti, kwenye milima. Nyumbani kwao walisema Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milima ile. Kiingereza alijifunza baadaye, na hadi alipokuwa waziri watu walicheka matamshi yake. Baba yake alikuwa mkulima mpangaji. Hilo neno mpangaji mlishike, kwa sababu kila kitu kinaanzia pale.

Kwenye milima ya Uskoti zamani, ardhi ilikuwa ya ukoo. Mkuu wa ukoo alikuwa kama mwami: watu wanalima, wanatoa kitu, wanakwenda naye vitani, yeye anawalinda. Hakuna aliyekuwa na karatasi, na hakuna aliyeona haja ya karatasi. Kisha sheria ya Uingereza ikamtambua yule mkuu kuwa ndiye mwenye mali, yeye peke yake, na watu wa ukoo wakageuka wapangaji wasiokuwa na haki yoyote iliyoandikwa. Kwa muda haikuonekana tofauti. Lakini bei ya sufu ilipopanda, wenye ardhi wakapiga hesabu: bonde lenye familia 20 linaleta kodi kidogo, bonde lile lile likipewa mfugaji mmoja wa kondoo linaleta nyingi. Basi watu wakaanza kutolewa. Kazi ile ilidumu karibu miaka mia, kuanzia karne ya 18 hadi ya 19, na maelfu walipelekwa pwani kwenye mawe, au Canada, au Australia, au kwenye viwanda vya Glasgow.

Mwezi wa tano 1845 zamu ilifika kwa watu wa bonde la Glencalvie. Familia 18. Hawakuwa na deni la kodi, walikuwa wanalipa. Walifukuzwa hivyo hivyo, na kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, walijikinga kwenye uwanja wa makaburi wa kanisa dogo la Croick, wakatandaza mablanketi na maturubai juu ya miti, watoto na wazee na wagonjwa. Ndani ya kanisa lenyewe hawakuingia. Walichukua kitu chenye ncha wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha, kutoka nje, kusema kwamba watu wa Glencalvie walikuwa hapa, na wakajiita wenyewe kizazi kiovu. Vioo vile vipo hadi leo. Waliambiwa na wachungaji wa dini kwamba taabu ni malipo ya dhambi, na inaonekana waliamini. Mimi hapo njo nilisimama kusoma kwa muda.

John McKenzie alikuwa na miaka mitano. Alipita pale na wazazi wake, akawaona. Katika maisha yake yote ya siasa alikuwa anarudi kwenye siku ile.

Mwaka 1860 alioa Annie Munro, na mwaka ule ule wawili wakapanda meli kwenda Otago, kusini mwa New Zealand. Otago ilikuwa koloni changa, iliyoanzishwa mwaka 1848 na Waskoti wa Kanisa Huru. Hata mji wake mkuu, Dunedin, ni jina la Kigaeli la Edinburgh. Alianza kama mchungaji wa kondoo kwenye shamba la John Jones, tajiri wa kwanza wa sehemu ile, karibu na Palmerston (siyo ile Palmerston North ya kisiwa cha juu, nyingine). Angalieni mchezo wa maisha: mtoto aliyeona watu wakifukuzwa kwa ajili ya kondoo, anasafiri hadi mwisho wa dunia, na kazi ya kwanza anayopata ni kuchunga kondoo wa tajiri. Alifanya vizuri, akapandishwa kuwa msimamizi, na baada ya miaka kama mitano akapata shamba lake mwenyewe kwenye bonde la Shag.

Siasa yake haikuanza na hotuba. Ilianza na barabara. Alikuwa karani wa kamati ya barabara ya eneo lake, na mwandishi wa kamati ya shule. Wale kati yetu waliowahi kushika daftari la kamati ya maji kijijini wanajua: mwaka mmoja wa kazi ile, unajua nani ana nini, nani anadai nani, na nani anajificha nyuma ya jina la nani. Mwaka 1871 akachaguliwa kwenye baraza la jimbo la Otago, na mwaka 1881 akaingia bungeni.

Bungeni alishika jambo moja, akaling'ang'ania miaka kumi: majina ya kukopa. Serikali ya koloni ilikuwa inauza na kukodisha ardhi kwa sharti kwamba mtu mmoja asipate zaidi ya kiasi fulani. Matajiri walifanya nini? Waliandikisha vipande kwa majina ya wafanyakazi wao, watoto wao, shemeji zao. Kwenye karatasi, wakulima wadogo kumi. Kwenye uwanja, bwana mmoja. Sina haja ya kueleza zaidi, wote tunaishi Congo. McKenzie alikuwa ameshachunga kwenye mashamba ya namna ile, alijua mbinu zote, na alizitaja bungeni bila kupamba. Hakuwa msemaji mzuri. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, sauti nzito, hasira karibu, na waliompinga walijua kwamba anachosema amekiona.

Januari 1891 chama cha Liberali cha John Ballance kikashika serikali, na McKenzie akawa waziri wa ardhi na kilimo. Ballance alifariki 1893, Richard Seddon akachukua nafasi yake, lakini kwenye ardhi aliyeendelea kuamua ni McKenzie hadi mwaka 1900.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa njo mahali sisi watu wa agronomi tunaweza kuchota kitu.

Kwanza, wakati. Mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin iliondoka Port Chalmers, Otago, imebeba nyama ya kondoo karibu mizoga 5,000 iliyogandishwa, ikafika London baada ya siku 98, na nyama ikauzwa. Kabla ya hapo New Zealand iliuza sufu na nafaka, na sufu inataka ardhi kubwa na watu wachache. Baada ya barafu, mkulima mwenye hekta mia anaweza kuishi kwa kuuza nyama, siagi na formaji kwa Waingereza. Shamba dogo likawa na maana ya kiuchumi. Wengi wanaosifu ugawaji wa ardhi wanasahau hilo. Sheria ya McKenzie haikuumba wakulima wadogo kutoka hewani. Ilifungua mlango ambao soko lilikuwa tayari linausukuma. Ungegawa mashamba yale mwaka 1870, watu wangekaa na sufu ya kondoo thelathini na njaa.

Pili, kodi. Mwaka 1891 serikali iliondoa kodi ya zamani ya mali, ikaweka kodi ya ardhi inayopanda kadiri shamba linavyozidi ukubwa. Ukiwa na ardhi kidogo haikugusi. Ukiwa na nyingi, kila ekari ya ziada inakugharimu. Na ndani ya utaratibu ule kulikuwa na mtego mzuri: mwenye shamba akikataa thamani ambayo serikali imemwekea, akisema ni kubwa mno, anaweza kuidai serikali ichague moja kati ya mawili, ama ikubali thamani anayoitaja yeye, ama inunue shamba kwa bei ile ile.

Njo ikaja habari ya Cheviot. Lilikuwa shamba la ekari zaidi ya 84,000, kama hekta 34,000, kaskazini mwa Canterbury. Mwenye kulianzisha, William Robinson, aliitwa na watu "Pesa Mkononi", kwa sababu alinunua ardhi kwa fedha taslimu. Alikuwa ameshakufa, wasimamizi wa mirathi wakagombana na wakadiriaji wa kodi. Serikali ilisema thamani ni zaidi ya pauni 300,000. Wao wakasema hapana, ni kama 260,000, na kama hamtaki, nunueni. Nadhani hawakuamini serikali ya koloni dogo lenye madeni itaweza. Mwaka 1893 serikali ikanunua. McKenzie akakata lile shamba vipande, vikubwa na vidogo, barabara zikapimwa, na pale palipokuwa na jumba la bwana na vibanda vya wachunga kondoo pakaota kijiji chenye shule na maduka. Mji wake wakauita Mackenzie. Baadaye ukarudi kuitwa Cheviot.

Tatu, mkataba. Sheria ya Ardhi ya 1892 ilimpa mkulima njia tatu za kupata ardhi ya serikali: kulipa na kumiliki kabisa, kukaa na haki ya kununua baadaye, au kukodi kwa miaka 999. Ndiyo, mia tisa tisini na tisa. Kodi yake ilikuwa asilimia 4 ya thamani ya ardhi kwa mwaka, na thamani ile haibadilishwi tena. Mtu asiye na mtaji hakuhitaji kukopa kununua ardhi. Pesa yake kidogo ilienda kwenye uzio, mbegu, ng'ombe na nyumba. Masharti yalikuwapo: ukae pale mwenyewe, uendeleze shamba, na usipate zaidi ya ekari 640 za ardhi nzuri au 2,000 za ardhi ya daraja la pili. Hilo la kukaa pale mwenyewe lilikuwa jibu lake kwa majina ya kukopa.

Wataalamu wa wakati ule walimkosoa vikali kuhusu ile miaka 999, na kwa haki. Kama thamani ya ardhi ikipanda mara kumi, serikali inaendelea kula kodi ya siku ya kwanza. Ballance mwenyewe alitaka kodi ipitiwe kila baada ya muda. McKenzie akakataa kabisa. Kwake yeye, mtu ambaye kodi yake inaweza kupandishwa ni mtu ambaye siku moja atafukuzwa. Nikilinganisha na hesabu, waliomkosoa walikuwa sawa. Nikikumbuka Glencalvie, namuelewa.

Nne, nguvu. Mwaka 1894 sheria ya kununua mashamba kwa ajili ya makazi ikaongezwa makali: mwenye shamba kubwa akikataa kuuza, serikali inaweza kulichukua kwa lazima, bei ikipangwa na mahakama, na mwenyewe akiachiwa sehemu ya kuishi. Kelele zilikuwa nyingi, magazeti ya matajiri yakasema mwisho wa dunia umefika. Kwa kweli lazima ile ilitumika mara chache sana. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni benki, bei za sufu zilikuwa chini, na serikali ilikuwa mnunuzi anayelipa vizuri. Wengine waligawa wenyewe kwa watoto wao au kuuza vipande kwa faida. Hadi chama cha Liberali kinaondoka mwaka 1912, serikali ilikuwa imenunua na kukata mashamba makubwa zaidi ya 200, jumla zaidi ya ekari milioni moja, na maelfu ya familia zikawekwa humo.

Mwaka ule wa 1894 pia ulileta sheria ya mikopo kwa wakulima. Hiyo ilikuwa kazi ya Joseph Ward, waziri wa fedha, siyo McKenzie. Serikali ilikopa London kwa riba ndogo, ikamkopesha mkulima kwa asilimia 5, wakati wakopeshaji wa mjini walikuwa wanataka zaidi sana. Bila mkopo ule, nina uhakika nusu ya vipande vingerudi kwa tajiri ndani ya miaka michache. Na mwaka 1892 McKenzie alianzisha wizara ya kilimo yenyewe, akaweka wakaguzi na walimu wa maziwa wanaotembea kutoka kiwanda hadi kiwanda kuonyesha usafi, upimaji wa mafuta, namna ya kupakia siagi isioze njiani. Wakulima wenyewe walimiliki viwanda vingi kwa ushirika. Wale wanaotengeneza formaji Masisi watanielewa: shida siyo ng'ombe kutoa maziwa, shida ni siku tatu baada ya hapo.

Haikuwa yote sawa. Shamba la Pomahaka, huko huko Otago, lilinunuliwa kwa bei ambayo wapinzani waliita wizi, ardhi yake ilikuwa duni, wakulima wakachelewa kuja, na McKenzie akashitakiwa bungeni kwamba alimsaidia rafiki wa chama. Alikana, na kelele ikapungua. Lakini ni mfano wa kile ambacho sisi tulipewa kwenye somo la udongo mwaka wa pili: ukikata ramani mezani bila kuchimba shimo la udongo, unagawa matatizo.

Nilipofika hapa kwenye kusoma nilikuwa na furaha. Nikajiambia, mkubwa, jibu nimelipata. Nikaendelea.

Mashamba ya matajiri hayakutosha. Kununua Cheviot kulikuwa na gharama kubwa, na watu waliotaka ardhi walikuwa wengi, sana sana kwenye kisiwa cha kaskazini. Huko kulikuwa na ardhi nyingine: ya Wamaori, wenyeji wa nchi. Mwaka 1896 walihesabiwa kama watu 42,000, na wazungu wengi waliamini kwamba kabila hilo linaisha. Ardhi yao ilikuwa ya ukoo. Hawakuwa na karatasi, mpaka karatasi ilipoletwa.

Ililetwa na mahakama ya ardhi ya wenyeji, iliyoundwa kwa sheria za miaka ya 1860. Kazi yake ilikuwa kugeuza ardhi ya ukoo kuwa orodha ya majina, kila jina na hisa yake. Kusikiliza kesi kulifanyika mjini, kwa wiki au miezi. Watu waliacha mashamba yao, wakakaa kwenye vibanda, wakakopa chakula dukani, wakalipa wapimaji na wanasheria. Waliporudi na karatasi, walirudi pia na deni. Na sasa kila mwenye jina aliweza kuuza hisa yake peke yake, bila ukoo. Afisa wa ununuzi hakuhitaji kushawishi mkutano. Alihitaji kumpata mmoja mwenye njaa, kisha mwingine.

Serikali ya Liberali ilipitisha sheria za kununua ardhi hiyo mwaka 1892 na 1893, na mwaka 1894 ikarudisha katazo la zamani: Mmaori haruhusiwi kuuza kwa mtu binafsi, anauza kwa serikali tu. Sababu iliyotajwa ni kuwalinda wasinyang'anywe na walanguzi. Lakini mnunuzi akiwa mmoja, bei anapanga yeye. Tajiri wa kizungu akikataa bei alikuwa na mahakama ya kukadiria, na alikuwa na jirani wa kumuuzia. Mmaori hakuwa na mnunuzi mwingine. Bei aliyopewa kwa ekari ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile iliyolipwa kwa mashamba ya wazungu. Kati ya 1891 na 1911 zaidi ya ekari milioni 3 zilitoka mikononi mwa Wamaori kwa njia hiyo. Pimeni mizani: mashamba ya matajiri, zaidi kidogo ya milioni moja. Ya wenyeji, zaidi ya milioni tatu. Mgawaji wa ardhi ya mabwana, sehemu kubwa ya ardhi aliyogawa haikutoka kwa mabwana.

Alijua? McKenzie hakuwa mtu wa kuwachukia Wamaori kwa maneno. Alisema ardhi isiyolimwa ni ardhi isiyotumika, iwe ya bwana au ya ukoo, na wote waachie wenye kuifanyia kazi. Kwa masikio yake hiyo ilikuwa haki sawa kwa wote. Sasa ndiyo hesabu ile ile ya wale wa Glencalvie: bonde hili lingeleta zaidi likiwa mikononi mwa mwingine. Msitu ambao mtu anavuna ndege, anachimba mizizi ya fern, anazika wazee wake, kwenye kitabu cha waziri uliandikwa kuwa haufanyi kazi. Na sehemu nyingi za msitu ule zilipogawiwa, walichoma miti, wakatupa mbegu za majani juu ya majivu, miaka michache ya kwanza ng'ombe wakanenepa. Kisha milima laini ya udongo wa ndani ikaanza kuporomoka na mvua. Mmomonyoko wa kisiwa cha kaskazini bado ni somo kwa wanafunzi wa udongo hadi leo. Kwa hiyo hata hesabu yenyewe, kwenye milima ile, ilikuwa na kosa.

Aliyepunguza mwendo ni James Carroll, mwanasiasa ambaye mama yake alikuwa Mmaori, aliyepewa wizara ya mambo ya wenyeji mwishoni mwa 1899. Siasa yake watu waliita kwa neno la Kimaori lenye maana ya "ngoja kwanza". Alingojesha kadiri alivyoweza.

Na shamba la McKenzie mwenyewe? Kisiwa cha kusini kilikuwa kimeshamalizwa kabla yeye hajafika. Mwaka 1848 afisa aitwaye Kemp alinunua kutoka kwa Wamaori wa Ngāi Tahu kama ekari milioni 20 kwa pauni 2,000, na ahadi kwamba watatengewa maeneo ya kutosha ya kuishi na kupata chakula. Walichotengewa kilikuwa kidogo mno, na wakaanza kudai mapema kabisa. Walikuwa wanadai siku McKenzie anachunga kondoo, walikuwa wanadai siku anaapishwa kuwa waziri. Serikali ilikubali kosa kwa sheria mwaka 1998, ikaomba msamaha na kulipa fidia ya dola milioni 170 za New Zealand. Miaka mia na hamsini.

Niseme kitu changu hapa, kwa sababu sitaki kumhukumu maiti kutoka mbali. Mwaka mmoja baada ya lisansi nilipata kazi ya miezi miwili kupima vipande kwenye konsesyon moja iliyokuwa inauzwa. Nilipewa fomu. Ilikuwa na nafasi ya namba ya kipande, eneo, mteremko, aina ya udongo, na "hali ya matumizi". Kwenye vipande vingi nilikuta mihogo na maharagwe ya watu waliokodi kwa msimu, kwa mtindo wa bwasa, ambao haukupi kitu chochote cha kudumu. Siyo kalinzi, ambayo angalau mwami na majirani wanaikumbuka. Niliuliza bosi niandike nini. Akasema hao hawana karatasi, andika tupu. Nikaandika tupu. Mama mmoja alinipa hindi la kuchoma nikiwa nashika kamba kwenye shamba lake, nikala, nikaandika tupu. Sheria yetu ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na juu ya haki za watu wa vijijini ikasema kwamba rais atatoa amri ya kuzipanga. Amri ile haijatoka. Ndani ya nafasi ile njo fomu yangu ilipata nguvu.

Nimalizie habari ya mzee. Mwaka 1899 aligunduliwa na kansa ya kibofu, akaenda London kupasuliwa, akarudi amedhoofika. Juni 1900 akajiuzulu. Juni 1901 mtoto wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja baadaye kuwa mfalme George wa tano, alikuwa anapita Otago kwa treni. Treni ikasimama karibu na shamba lake, McKenzie akapanda ndani, akapewa cheo cha Sir humo humo kwenye behewa kwa sababu hakuwa na nguvu ya kwenda mjini. Alifariki tarehe 6 Agosti, wiki chache tu baadaye. Ile mikataba ya miaka 999 ikafungwa mwaka 1907, hakuna mpya iliyotolewa, na baada ya 1912 serikali mpya ya William Massey ikawaruhusu wakulima kununua moja kwa moja. Wengi walinunua. Wajukuu wa wapangaji wakawa wenye mali kamili. Juu ya kilima cha Puketapu, karibu na Palmerston, ulijengwa mnara wa mawe kwa heshima yake, na unaonekana kutoka barabarani.

Mkubwa wangu, uliniuliza nchi gani na ilienda namna gani. Ilienda hivi. Bado nasema zile konsesyon zikatwe, sijabadilika hapo. Lakini daftari langu la vipimo vya kazi ile ninalo bado, na majina ya waliokuwa wanalima nilikuwa nimeyaandika kwa penseli pembeni, karibu yote. Mkutano ujao nitakuja nalo.